Sarufi ya Kiporo: Ngeli za Jibini Laini Ndani ya Friza

Mwaka 1735 Carl Linnaeus alichapisha Systema Naturae, akawapanga wanyama, mimea na mawe kwa himaya, matabaka na jinsi. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek akazipa namba ngeli za lugha za Kibantu, na tangu hapo hakuna nomino ya Kiswahili inayolala nje. Kiporo cha sherehe bado hakijapata mtu wake. Hakuna idara ya chuo kikuu inayokishughulikia, ilhali kila Jumapili asubuhi, kuanzia Mbezi Beach hadi Nyali, yupo mtu aliyejifunga kanga, kasimama mbele ya friza iliyo wazi na sinia mkononi, akikabiliwa na swali la uainishaji ambalo Linnaeus hakulijibu: hiki kinaingia, au hakiingii?

Andiko hili linashughulikia kundi moja tu la viporo, yaani vitafunio vya jibini laini vinavyosalia baada ya kicheni pati, sendofu, bethidei, ubarikio au futari ya watu wengi. Kundi hili limeteuliwa kwa sababu halina wazee. Katlesi inao. Bibi yeyote wa Mji Mkongwe atakueleza, bila kuulizwa, namna kababu inavyogandishwa na namna isivyogandishwa, na ukibisha atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Lakini jibini ya kupaka iliyolazwa juu ya kipande cha tango na kupambwa kwa jani la giligilani haina bibi. Imeingia mezani petu kupitia supamaketi na picha za simu, ikakuta hakuna aliyerithi elimu yake, na ndiyo maana hatima yake huamuliwa usiku wa manane na watu waliochoka, wenye viatu mkononi.

Jibini ngumu zimewekwa kando. Duara la jibini ya Masisi linaloshuka Goma, au ndugu yake Gouda, lina maji machache kiasi, na likigandishwa hutoka likimeguka-meguka kidogo tu; likikwaruzwa juu ya makaroni hakuna anayelalamika. Isitoshe, mtu aliyebakiwa na jibini ya Masisi hana tatizo la kisayansi. Ana marafiki ambao hawajaambiwa.

Kabla ya ngeli zenyewe, lazima tukubaliane kiporo huanza kuwa kiporo saa ngapi. Idara ya Kilimo ya Marekani inawashauri raia wake wasiache mezani chakula kinachoharibika upesi kwa zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 za Selsiasi, saa 1 basi. Tuupeleke ushauri huo ukumbini, Dar es Salaam, mwezi Februari. Vitafunio vimepangwa saa kumi na mbili jioni ili wageni wakute meza imependeza. Kadi inasema saa kumi na mbili kamili. Bibi harusi mtarajiwa anaingia saa mbili na nusu, kwa hatua za kuhesabu, akisimama kila baada ya meza mbili tatu ili apigwe picha. MC anatambulisha meza kuu, kisha wazazi, kisha wazazi wa upande wa pili, kisha kamati, na kila mjumbe wa kamati anasimama, anafunga kifungo cha koti, anapunga mkono, anakaa. Ndafu inakatwa. Keki inakatwa, na vipande vyake vinapelekwa kwa watu ambao nao lazima waitwe kwa majina. Hadi itamkwe kwamba sasa tukaribie chakula, jibini iliyo mezani imeshatimiza masharti yote ya kuwa kiporo, na hakuna aliyeigusa. Hapa taaluma inakutana na ajabu yake ya kwanza: kiporo kinachoutangulia mlo.

Aya hii moja haina utani. Jibini laini ina maji mengi, na bakteria aitwaye Listeria monocytogenes anaipenda kwa hilo. Baridi ya friji haimzuii. Huendelea kuzaliana humo taratibu. Baridi ya friza humlaza tu bila kumuua, naye huamka jibini inapoyeyuka. Mwaka 1985, kusini mwa California, jibini laini ya mtindo wa Meksiko iliyokuwa na Listeria iliua makumi ya watu, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto waliokuwa bado tumboni au waliozaliwa siku chache tu, kwani bakteria huyu huvuka kondo la nyuma. Yuko pia Staphylococcus, anayetoka kwenye mikono ya wapanga meza, ambaye sumu yake ikishatengenezwa haivunjwi na mafuta ya kukaangia. Kwa hiyo ile hoja ya "nitaipasha vizuri" inakataliwa. Kilichokaa mezani sherehe nzima hakina ngeli. Kinaingia ndooni. Yote yanayofuata yanahusu yale masinia yaliyobaki jikoni, ndani ya friji, yakingoja duru ya pili ambayo haikuitishwa.

Sarufi ya shuleni huitaja kila ngeli kwa umoja na wingi: KI-VI, LI-YA, U-ZI. Kiporo hakijali idadi. Kinachokipambanua ni hali zake mbili, ile ya kuingia na ile ya kutoka, na ngeli hizi zimetajwa kwa jozi hiyo.

Kubwa kuliko zote ni ngeli ya LAINI-MCHANGA. Humo mna bakuli la jibini ya krimu iliyopigwa pamoja na kitunguu na pilipili ili watu wachovye vibanzi. Mna chapati nyembamba iliyopakwa jibini, ikaviringishwa na kukatwa viduara. Mna yale madonge ya jibini yaliyogaragazwa kwenye korosho zilizotwangwa, ambayo huonekana kwenye meza za watu waliopata likizo. Jibini ya krimu, ambayo sheria ya Marekani inaitaka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33 na maji yasiyozidi asilimia 55, kwa kweli ni mapatano. Protini za maziwa zimeshikana zikatengeneza wavu, na ndani ya wavu huo maji na matone ya mafuta, ambayo kwa asili hayapatani, yamekubali kukaa nyumba moja. Friza huyavunja mapatano hayo bila haraka. Kati ya nyuzi 1 na nyuzi 5 chini ya sifuri sehemu kubwa ya maji hugeuka fuwele. Fuwele huzisukuma protini zikabanana. Na zikishabanana hazirudi zilipokuwa. Siku ya kuyeyuka, maji hutoka na kukaa pembeni ya bakuli kama mkwe aliyenuniwa, na jibini iliyobaki huacha mchanga ulimini.

Ukubwa wa mchanga huo unategemea mwendo. Clarence Birdseye, Mmarekani aliyeishi Labrador katika miaka ya 1910, aliwaona Wainuiti wakivua samaki, na samaki akitoka majini akaganda mara moja kwa upepo wa nyuzi 40 chini ya sifuri. Samaki huyo alipoyeyushwa baada ya muda mrefu bado alikuwa samaki. Birdseye akaelewa kwamba kuganda upesi huzaa fuwele ndogo, na fuwele ndogo haziharibu kitu. Mwaka 1930 vyakula vyake vya kugandishwa vikaanza kuuzwa madukani mjini Springfield, Massachusetts, na tasnia nzima ya vyakula vya kugandishwa duniani ikazaliwa.

Friza ya Tabata haina upepo wa Labrador. Kwa maandishi ya kiwandani ina nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hali halisi ina pweza, kuku wawili, nazi iliyokunwa, chupa za maji za vijana, na barafu za ubuyu ambazo mtoto wa nyumba huziuza jioni, hivyo mlango hufunguliwa kila anapopita mteja mwenye shilingi mia. Bakuli la jibini likiwekwa katikati ya umati huo huchukua usiku kucha kuamua kama linaganda au haligandi, na fuwele zake hukua kadiri zipendavyo. Halafu, hata zikishaganda, hazitulii. Joto la friza likipanda na kushuka, fuwele ndogo huyeyuka na maji yake hudakwa na fuwele kubwa, zikazidi kunenepa. Fizikia ya barafu na siasa ya koo kubwa zina mengi ya kuzungumza, ila nafasi hairuhusu.

Tiba ipo nusu. Ukiipiga jibini iliyoyeyuka kwa kipigio cha mayai, pamoja na kijiko cha maziwa ya moto, hurudi kwenye heshima kiasi cha kutosha kuchanganywa na mchuzi mweupe wa kuku au kutiwa ndani ya viazi vya kuoka. Haitarudi mezani yenyewe kama yenyewe. Tawi moja la ngeli hii limeponyoka, nalo ni keki ya jibini, kwa kuwa sukari na mayai huyashikilia maji yasiende kuunda fuwele kwa uhuru. Waoka keki wengi wanaipika mapema na kuigandisha kimya kimya, na mteja husifu kwamba ni ya leo.

Ngeli ya SAWA-SAWA inafuata mwenendo wa zile nomino za I-ZI ambazo umoja na wingi wake havitofautiani: nyumba moja, nyumba saba. Kinachoingia ndicho kinachotoka, au karibu sana na hicho. Wanachama wake ni jibini zilizosindikwa, zile za pembetatu na za mraba zilizofungwa karatasi ya fedha. Ukoo huu ulianza Uswisi mwaka 1911, Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun walipoyeyusha Emmental pamoja na chumvi za sitrati ili waipeleke mbali, hata nchi za joto, bila kuharibika. Mwaka 1916 James Kraft akapata hataza yake Marekani. Mwaka 1921 Léon Bel, kwenye milima ya Jura huko Ufaransa, akasajili chapa ya ng'ombe anayecheka, na mwaka 1966 kampuni hiyohiyo ikatoa Kiri. Mjuzi wa jibini wa Ufaransa atakunja uso kusikia vitu hivi vikiitwa jibini. Lakini chumvi zilezile zinazomkera ndizo zinazoshikilia maji na mafuta pamoja wakati barafu inapojaribu kuyatenga, na friza haiulizi ukoo wa mtu.

Makao makuu ya ngeli hii yako Oman. Katika familia za Muscat zenye asili ya Unguja na Pemba, ambako Kiswahili bado ndicho kinachogombeza watoto, mwezi wa Shaabani ni mwezi wa kukunja sambusa. Zinakunjwa za nyama, kwa bizari ambayo shangazi fulani ameitoa Unguja ndani ya sanduku la nguo, na kando yake linakaa sinia la sambusa za jibini: kijiko kimoja cha Kiri au cha jibini ya kopo ndani ya manda, pengine na giligilani, pengine na pilipili mbichi kwa ajili ya wajomba. Hazikaangwi. Hupangwa juu ya sinia bila kugusana, hugandishwa hadi zigongane kwa mlio, ndipo huhamishiwa kwenye kopo. Alasiri ya mfungo hutolewa kwa idadi ya vichwa na kutumbukizwa ndani ya mafuta ya moto wa wastani zingali ngumu. Hapa wanagenzi hukosea kwa kuwa na huruma: wanaziacha ziyeyuke kwanza. Manda hunywa maji, hulegea, hupasuka, jibini hukimbilia kwenye karai, na mafuta yote huanza kuruka. Lipo jambo kuhusu sambusa hizi ambalo linaitikisa taaluma nzima ya kiporo. Nitalifikia.

Ngeli ya KAVU-CHEPECHEPE haihitaji maneno mengi. Ni biskuti za chumvi, tosti ndogo na vikombe vya keki ya chumvi vilivyokwisha kuokwa na kujazwa jibini. Maji huhama kutoka kwenye jibini kwenda kwenye unga, hata ndani ya baridi, na hasa wakati wa kuyeyuka. Anayegandisha biskuti iliyopakwa jibini amepoteza biskuti na jibini kwa pamoja. Angezitenganisha angepoteza kimoja.

Ngeli ya MBICHI-MLENDA ndiyo yenye vifo vingi. Hii ni ile jibini iliyopanda juu ya tango, ikaingia ndani ya nyanya ndogo, au ikachomekwa kwenye kijiti cha meno pamoja na zabibu na kipande cha pilipili hoho, kwa mpangilio wa rangi uliomchukua dada wa watu asubuhi nzima. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Ndani ya chembe ya tango hakuna pa kupanukia, kwa hiyo kuta hupasuka, moja baada ya nyingine, na tango linapoyeyuka huwa halina tena kilicholisimamisha. Jibini iliyokuwa juu yake huzama. Zeituni huvumilia zaidi, kwa kuwa chumvi yake huchelewesha kuganda. Katika ngeli hii ni kijiti peke yake kinachotoka salama, na nimeona nyumba ambamo vijiti huoshwa na kurudishwa koponi, jambo ambalo wanazuoni wa afya wangependa kulizungumzia faraghani.

Mwanasarufi atafurahi zaidi na ngeli ya KIPANDE-VIPANDE, kwa kuwa hapa friza inafuata kanuni za umoja na wingi neno kwa neno. Feta huingia kimoja na kutoka vingi. Ni jibini ya maji ya chumvi, tangu mwanzo iliyozoea kumeguka, na barafu huikamilishia safari iliyokuwa imeianza. Ikinyunyizwa juu ya mchicha uliopikwa au ikajazwa ndani ya manda, hakuna mgeni atakayejua. Paniri, ile ya maduka ya Wahindi wa Kisutu na wa Ngara, ni binamu yake wa mbali: hutengenezwa kwa maziwa yaliyokatwa kwa ndimu au siki, haiyeyuki kwenye moto, na ikitoka kwenye friza huwa na tabia ya sponji. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuitia kwenye mchuzi. Wapishi wa Kigujarati wanalijua hili tangu zamani na hawaliiti taaluma.

Inabaki ngeli ya JINA-JINA, ambamo kilichonusurika ni jina. Hizi ni Brie na Camembert, zinazoonekana kwenye sherehe za watu waliosoma nje na wanaotaka ijulikane. Ngozi yake nyeupe ni ukungu hai, Penicillium camemberti, na jibini yenyewe huendelea kuiva kutoka nje kwenda ndani hadi siku ya kuliwa. Ukiigandisha, ngozi husimama, kiini huanguka. Kile kilichokuwa kinatiririka huwa kizito na chenye chembechembe. Ikiokwa ndani ya unga wa siagi husahaulika dhambi zake. Ikirudishwa mezani baridi, mgeni husema "hii ni Brie?" kwa sauti ambayo mwenyeji huielewa vizuri sana.

Sasa mahali. Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: PA kwa mahali dhahiri, KU kwa mahali pasipo mpaka, MU kwa ndani. Sijui ngeli nyingine ya sarufi iliyoandikwa kwa uaminifu zaidi kwa ajili ya friza ya kulala. Kiporo kipya huwekwa PA: juu, mbele, kinapoonekana, na mwenye nyumba akiulizwa hunyosha kidole. Baada ya wiki moja kimehamia KU. Mwenye nyumba akiulizwa hutikisa mkono tu kuelekea upande, "huko, huko". Hatimaye kinafika MU. Humo mna vitu vilivyoshikamana na ukuta wa barafu, chini ya kichwa cha mbuzi kilichohifadhiwa kwa supu ya mtu ambaye hajaja. Uhamaji huu ni wa upande mmoja. Hakuna mtafiti aliyewahi kuona kiporo kikipanda kutoka MU kwenda PA kwa nguvu zake. Mwendo wake huongezeka sana wakati wa Idi ya kuchinja, nyama ya udhia inapoingia kwa ndoo na kuvisukuma vyote vilivyotangulia kuelekea chini.

Tofauti ya friza ya kulala na ya kusimama si ya samani tu. Hewa baridi ni nzito. Ukifunua ya kulala hubaki chini, ukifungua ya kusimama humwagika miguuni pako. Zile za kisasa zisizotengeneza barafu ukutani nazo zina hila yao: hujipasha kidogo kila mara ili barafu iyeyuke, na kila mara fuwele za jibini hupata nafasi ya kunenepa. Mwenye friza ya kizamani, anayeikwangua barafu kwa kijiko cha mbao huku akisali isitoboke, ana jibini bora kuliko jirani yake mwenye ya kisasa, na hapaswi kuambiwa hivyo, atazidi kuringa.

Kuhusu ufungaji, historia ni fupi na ina sheria ndani yake. Zamani kiporo kilifungwa kwa mfuko wa rambo, kikapigwa fundo, kikatupwa humo. Zanzibar ikaipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na fundo la rambo likatoweka jikoni. Kwa mtazamo wa jibini haukuwa msiba: mfuko ule uliingiza hewa, na ndani ya friza hewa kavu hunyonya maji ya chakula moja kwa moja kutoka barafu, ikaacha yale madoa makavu meupe. Nafasi yake ilichukuliwa na kopo la aiskrimu, ambalo linafunga vizuri, linapangika, na lina kasoro moja ya kimantiki: nje limeandikwa vanila. Watoto wa Afrika Mashariki wamejifunza kutoamini maandishi kwa kupitia kopo hilo kuliko kupitia somo lolote la uhakiki. Dawa ni selotepu ya karatasi na kalamu ya wino mzito, jina na tarehe, kabla hakijaganda, kwa sababu selotepu haishiki kwenye barafu. Jibini laini ikae miezi miwili kwa kukadiria juu. Haitaoza, ila mafuta yake huendelea kuchacha hata kwenye baridi, na baada ya hapo itanuka pweza.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia baridi yake kwa takriban saa 48, na iliyo nusu tupu saa 24. Sharti gumu hapo ni "isiyofunguliwa", kwani umeme ukikatika kila mtu nyumbani huenda kufungua friza kuangalia kama bado ina baridi. Kwa wanaosafiri kuna kipimo kisicho na gharama: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya barafu yake, ondoka. Ukirudi ukakuta sarafu iko juu, jibini imelindwa. Ukiikuta chini ya kikombe, ndani ya barafu iliyoganda upya, basi kulikuwa na giza ambalo hakuna aliyekuambia, na sinia zima linakwenda ndooni pamoja na maelezo ya mlinzi.

Andiko hili lilisomwa kwanza na dada anayesimamia jiko la nyumba ninayoifahamu, mtu aliyefunga na kufungua makopo mengi kuliko mwandishi. Aliziafiki ngeli zote isipokuwa moja. SAWA-SAWA, alisema, haipo. Si kwamba maelezo ya chumvi na maji ni ya uongo. Ni kwamba yeye hajawahi kuiona sambusa ya jibini iliyobaki baada ya sherehe. Zinakwisha. Kwa kawaida zinakwisha kabla ya kamati kumaliza kupunga mikono, na ya mwisho huliwa na mpiga picha. Kinachobaki kwenye sinia ni kile ambacho wageni mia mbili wamekiona, wamekipima kwa macho, wakakiruka: tango lililozamiwa, biskuti iliyolegea, ile Brie. Wageni ndio mtihani wa kwanza, na friza hupokea waliofeli.

Hoja hii ni nzito, na ndilo jambo nililoliahirisha. Sampuli nzima ya viporo imepindishwa na njaa ya wageni kabla mtafiti hajafika. Sambusa za Muscat hazipingi, zinathibitisha. Ziligandishwa kabla ya futari, zikiwa mbichi, na mtu aliyejua kwamba ni nzuri. Hazikuwahi kuwa kiporo. Kwa hiyo taaluma inalazimika kukiri kundi la pili kando ya masalio, nalo ni maficho: lile sinia ambalo mama mkubwa alilitoa mezani mapema, kabla mlango haujafunguliwa, akalifunika kwa foili na kulishusha chini kabisa ya friza kwa ajili ya watoto wa upande wao, waliochelewa basi. Sinia hilo halijaguswa na joto la ukumbi wala mikono ya watu. Limegandishwa bichi, halina tango, halina biskuti. Kwa vigezo vyote vilivyoelezwa hapa ndilo pekee linalostahili nafasi iliyotumika kulijadili. Udhaifu wake ni mmoja. Halina selotepu, kwa kuwa kilichofichwa hakiandikwi jina, na mama mkubwa amesharudi Tanga, simu yake haina chaji.